Mifereji Mitatu ya Bi Mashavu

Iko nchi, wala msiulize iko upande gani, maana ukitaja upande watu hugeuka kuangalia. Inaitwa Jamhuri ya Mchakato. Ni nchi ya amani, yenye bendera nzuri, na kila kitu ndani yake kinaendelea. Barabara zinaendelea. Hospitali kubwa inaendelea. Hata uwanja wa ndege ulioanzwa na rais wa kwanza, Mungu amrehemu, bado unaendelea. Hakuna kilichokwama. Kikisimama, husemwa kinaendelea polepole.

Mji mkuu wake ni Upembuzi, nao ulikuwa ukikua kwa kasi ya kutisha. Mtu alilala pembezoni mwa mji akaamka yumo katikati. Ramani ya jiji ilitundikwa ukutani katika Idara ya Mipango, ukuta ukajaa. Wakachora ukuta wa pili, wakachora mlango, wakapanda ngazi wakachora dari. Siku ambayo mtaa mpya ulikutwa umechorwa kwenye kiti cha mkurugenzi, naye amekalia nusu yake, ikaamuliwa lijengwe jengo la kuiweka ramani.

Likajengwa, ghorofa nne, likaitwa Jengo la Ramani. Kupata kiwanja chake kulikuwa kazi, kwa kuwa ramani yenyewe ilikuwa haijawekwa vizuri kuonyesha wapi ni wapi. Mwisho wakaona uwazi mrefu katika mtaa wa Bondeni, hapana nyumba hata moja. Wakashangaa jinsi watu wa Bondeni walivyo wavivu wa kujenga. Wakajenga wao.

Uwazi ule ulikuwa mfereji.

Ulichimbwa na wazee wa Bondeni kwa majembe yao, marehemu mume wa Bi Mashavu akiwa mmoja wao, ili mvua ikinyesha kilimani maji yapite hapo yaende zake mto Chururu. Jengo lilipokaa juu yake, maji yalikuja kama siku zote, yakakuta ukuta, yakageuka kutafuta pengine pa kupita. Yakauona mlango wa Bi Mashavu. Mfereji wenyewe lakini haukupotea. Umehifadhiwa vizuri sana, umechorwa kwa rangi ya buluu ghorofa ya tatu.

Bi Mashavu alikuwa mjane, mwanamke mnene, mpole, asiye na haraka, anayepika vitumbua barazani kwake. Shule alisoma mpaka darasa la tatu akatolewa kwenda kulea, lakini herufi zake alizishika, kubwakubwa, zinazosimama wima kama askari. Ndani alikuwa na dada yake mkubwa, Bi Mkejina, ambaye miguu ilimkataa mwaka wa tisa sasa. Miguu ilikataa, mdomo haukukataa.

Masika ya kwanza baada ya Jengo la Ramani, maji yaliingia ndani yakafika kwenye godoro. Bi Mashavu akatia tofali moja chini ya kila tendegu la kitanda cha dada yake. Masika ya pili akaongeza la pili. Basi ikawa hivyo, kila masika na tofali lake, mpaka yakafika matano, na Bi Mkejina akinyoosha mkono anagusa bati.

"Mashavu, mwaka ujao ukitia la sita, nitalala na boriti kama mume wangu."

"Dada, usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Wenzangu wanakaa nyumba ya chini, mimi nimeshapanda ghorofa. Na huu ukuta hapa kichwani kwangu, umeuona ulivyoliwa? Ukianguka, mimi siwezi hata kusogea pembeni kuupisha."

Bi Mashavu aliuona. Fundi alikuwa ameshaugonga kwa kidole, udongo ukamwagika, akasema: "Mama, huu una masika moja tu, nayo si nzima." Nyumba nyingine hawakuwa nayo, wala mahali pengine pa kumpeleka mtu wa kubebwa. Basi Bi Mashavu akanawa mikono ya unga, akatafuta karatasi, akaandika:

*Serikali, salamu. Maji ya mvua yanaingia ndani kwetu kila masika. Dada yangu hawezi kutembea. Jengo lenu limeziba mfereji. Tunaomba mtuchimbie mwingine. Ni mimi Mashavu.*

*

Barua katika Jamhuri ya Mchakato haiendi peke yake, hupitia kwa mwenyekiti wa mtaa. Wa Bondeni alikuwa Bwana Machela, mtu wa suti, jua liwake lisiwake. Akaisoma barua mara mbili, akavua miwani.

"Mama, barua nzuri. Ila haina lugha."

"Haina lugha vipi, mwenyekiti? Si Kiswahili hicho?"

"Ni Kiswahili, ndiyo, lakini cha nyumbani. Hebu tuone. 'Jengo lenu limeziba.' Hapa unaigombeza Serikali." Akakata mstari. "'Yanaingia ndani kwetu.' Serikali ikisoma itaona aibu. 'Dada yangu.' Hapa unaingiza udugu ofisini. 'Mtuchimbie.' Hapa unaiamuru." Akakata, akakata, akakata. "Na maji ya mvua... mvua ni mambo ya Mungu, tusimwingize."

Akachukua karatasi safi akaandika kwa mkono wa maringo:

*YAH: CHANGAMOTO YA MAJI. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Kimsingi, mtaa wa Bondeni unakabiliwa na changamoto ya maji. Tunaomba mfereji. Naomba kuwasilisha.*

"Sasa hii," alisema, "hata Waziri anaweza kuisoma asiudhike."

Bi Mashavu aliisoma polepole, kidole kikifuata maneno. Maji yamo, mfereji umo. Akaona labda inatosha.

Barua ikaenda jijini. Huko jiji lina idara mbili za maji, chumba kwa chumba. Ya kwanza ni Idara ya Maji Yanayotakiwa, ambayo hupeleka maji mahali yasipokuwepo. Ya pili ni Idara ya Maji Yasiyotakiwa, ambayo huyaondoa mahali yalipozidi. Karani wa masjala alisoma "changamoto ya maji", naye tangu azaliwe hajasikia mtu mwenye changamoto ya maji ambaye anayo. Akaipeleka chumba cha kwanza.

Mkuu wa chumba cha kwanza alikuwa Bwana Shaame Vuai, mtu mwungwana, mwenye huruma, mzaliwa wa visiwani. Sasa hapo ndipo palipo na jambo. Kwa watu wa bara, kama Bi Mashavu, mfereji ni mtaro ulioachiwa maji yapite. Kwa watu wa visiwani mfereji ni kile unachokizungusha maji yakatoka ukakinga ndoo. Wa bara wanakiita bomba. Neno ni moja, limevaa kanzu huku na shati kule.

Bwana Shaame aliisoma barua, macho yakamlowa. "Masikini," alisema. "Mtaa mzima, hawana hata mfereji mmoja."

*

Mfereji ulikuja siku ya Jumanne. Mafundi wawili walichimbia nguzo fupi ya saruji mbele ya baraza la Bi Mashavu, wakaifunga koki ya shaba inayong'aa, wakafuta jasho, wakampa karatasi atie sahihi kwamba amepokea.

"Nimepokea nini, wanangu?"

"Mfereji, mama."

Bi Mashavu aliiangalia koki. Akaizungusha. Ikalia kidogo, kriii, halafu ikanyamaza. Hakikutoka kitu.

"Hauna maji," alisema.

"Sisi ni wa mifereji, mama. Maji yana watu wake."

Ndani, Bi Mkejina alikuwa ameshasikia yote dirishani, maana kwa urefu wa kitanda chake dirisha lilikuwa chini ya kiwiko.

"Mashavu! Wamekuletea mfereji?"

"Wameniletea... dada, wameleta bomba."

"Tumezama shingoni, wao wametuletea bomba?" Akacheka mpaka bati likatetema. "Waambie waniletee na kata, nichote kutoka kitandani."

Bi Mashavu hakukasirika. Hakuwa na tabia hiyo. Alijifunga khanga, akafunga vitumbua sita kwenye gazeti, akaenda jijini. Alikaa kwenye benchi asubuhi hata adhuhuri. Bwana Shaame alipomwona akasimama, akampisha kiti chake mwenyewe, kwa kuwa kama nilivyosema alikuwa mwungwana.

"Karibu bibi yangu, karibu. Mfereji umefika?"

"Umefika baba, ahsante. Lakini sio wenyewe."

"Sio wenyewe? Una kasoro?"

"Hauna kasoro. Mzuri, unang'aa. Ila sisi tunataka mfereji."

Bwana Shaame akafikiri. "Mfereji mwengine?"

"Ee, baba. Mwingine."

"Wallahi hapo umesema kweli. Mtaa mzima mfereji mmoja hautoshi." Akaandika kwenye faili: *Wananchi wameomba mfereji mwengine.* Wakaagana kwa heshima, akala na kitumbua.

Wa pili ulikuja wiki iliyofuata, ukasimama kando ya mwenzake. Nao ukalia kriii.

Bi Mashavu akarudi. Safari hii alikuwa amefikiri njiani kwamba maneno yake ndiyo mafupi, aongeze. "Baba," alisema, "hiyo ni midogo. Sisi tunataka mfereji mkubwa. Wa kuchukua maji mengi, yale ya kutoka kilimani. Upana wake uwe hivi." Akanyoosha mikono yote miwili, na Bi Mashavu alikuwa na mikono mirefu.

Bwana Shaame akashika meza. Katika miaka yake yote ya kazi alikuwa hajawahi kuombwa mfereji wa namna ile. "Bibi," alisema kwa sauti ya chini, "hivi?" Naye akanyoosha mikono.

"Hivyo hivyo, baba."

"Huo itabidi tufanye kumuona Waziri."

*

Ikaundwa kamati. Kamati ikasafiri kwenda kutazama mifereji mikubwa ya nchi nyingine, haikuiona popote, ikarudi na fahari kwamba Mchakato itakuwa ya kwanza. Karakana ya reli ikapewa kazi. Ikatoka koki ndefu kuliko mlango, imepakwa rangi ya dhahabu, na mpini wake unataka wanaume wawili kuuzungusha. Ikaletwa Bondeni kwa lori ikasimikwa kati ya zile ndogo mbili, ikawa kama mama na watoto wake pacha.

Aliyekuja kuizindua ni Waziri wa Miji Inayokua, Mheshimiwa Lukanda, mtu mfupi mwenye sauti ndefu. Ulikuwa mwezi wa vuli. Mahema yakapigwa, kapeti jekundu likatandikwa kutoka kwenye gari hadi mferejini, Bwana Machela akavaa suti juu ya suti. Mheshimiwa alipofika katikati ya hotuba, mbingu zikafunguka.

Maji ya kilimani hayakuwa na mwaliko, lakini njia yaliijua. Yakaja, yakagonga Jengo la Ramani, yakageuka. Kapeti likanyanyuka taratibu likaanza kuondoka na viatu vya mshereheshaji. Wageni wa heshima wakasimama kwenye maji mpaka ugokoni, hakuna aliyesogea, kwa sababu ratiba haikuonyesha kusogea.

Mheshimiwa Lukanda aliangalia chini. Kisha akanyoosha mkono.

"Ndugu wananchi! Mnaona? Mfereji bado sijaufungua, maji tayari yamefika!"

Makofi. Bwana Machela alipiga mpaka saa yake ikafunguka ikaanguka majini.

"Waliokuwa wakisema Bondeni hakuna maji," Mheshimiwa aliendelea, "leo waje hapa waseme tena, wakiwa wamesimama hapahapa nilipo mimi!"

Wanaume wawili wakauzungusha mpini. Kriiiiii. Hakikutoka kitu, ila kwa maji yaliyokuwepo pale nani angejua. Kesho yake magazeti yakatoa picha ya Mheshimiwa amezungukwa na maji, anatabasamu, na maneno makubwa: BONDENI YAAGANA NA SHIDA YA MAJI.

Bi Mashavu hakuwepo kwenye picha. Alikuwa ndani amesimama majini, amekumbatia miguu ya kitanda kisielee, na ukuta wa kichwani umedondosha kipande cha ukubwa wa mkate. Vuli huwa mvua ya mzaha tu. Masika ilikuwa bado.

"Mashavu," alisema Bi Mkejina juu huko, na sauti yake safari hii haikuwa na mzaha. "Mimi naogopa."

Bi Mashavu hakuwa amewahi kulisikia neno hilo kinywani mwa dada yake, tangu wakiwa wadogo.

*

Akaenda tena jijini, akaenda chumba cha pili sasa, Maji Yasiyotakiwa. Huko alisema neno jingine kabisa, ili yasichanganyike. Alisema mtaro. Ofisa wa pale akafungua jalada la Bondeni, akalifunga.

"Bibi, nyinyi mmesajiliwa kukosa maji."

"Tunayo, baba. Yamejaa ndani."

"Haiwezekani. Hapa pana mifereji mitatu mliyoomba wenyewe, na mmoja umefunguliwa na Waziri. Mtaa uliokosa maji hauwezi tena kuwa na maji yasiyotakiwa. Nikikuchimbia mtaro, nitakuwa nasema Waziri alifungua mfereji mahali pasipotakiwa maji. Bibi unanitakia mema kweli?"

"Nakutakia, mwanangu."

"Basi nenda nyumbani."

Akaenda nyumbani. Akakaa ukingoni mwa sanduku, chini kabisa ya kitanda cha dada yake, akaeleza yote. Bi Mkejina alisikiliza akiwa anatazama nje kupitia lile dirisha la kiwikoni, ambalo lilikuwa linaonyesha mpaka Mtaa wa Juu.

"Mashavu, kosa lako unajua ni nini? Unawaomba unachokitaka."

"Niombe nini sasa, dada?"

"Hebu angalia kule juu. Ule mtaro mrefu unauona?"

Kila mtu aliujua. Miaka sita nyuma Mtaa wa Juu waliahidiwa maji, mashine ikaja ikachimba mtaro wa kulaza bomba, ikaondoka. Bomba lilikuwa kwenye mchakato. Mbuzi walikuwa wanazalia humo, na wajukuu wa wale mbuzi wanazalia humo.

"Nauona," alisema Bi Mashavu.

"Nani aliuomba ule?"

"Hakuna. Waliomba maji."

"Basi." Bi Mkejina akageuza uso. "Bomba kuu la jiji liko wapi?"

"Kule chini, kandokando ya mto Chururu."

"Na mifereji yako mitatu iko wapi?"

"Hapa mlangoni."

"Kutoka hapa kwenda mtoni ni mteremko au mlima?"

Bi Mashavu alichungulia nje, upande wa mtoni. Halafu akacheka, kitu ambacho hakukifanya mara nyingi, akafuta macho kwa ncha ya khanga. "Dada, wewe miguu ingekuwa mizima wangekupa uwaziri."

"Nisitukanwe nikiwa mgonjwa. Chukua karatasi."

Barua ya pili hakuipeleka kwa Bwana Machela mpaka alipokuwa ameitia lugha mwenyewe, maana mtu hujifunza. *YAH: MIFEREJI KUTOTOA MAJI. Kimsingi, mifereji yetu mitatu, ukiwemo alioufungua Mheshimiwa, haitoi maji. Tunaomba bomba la kuunganisha na bomba kuu. Tunaipongeza Serikali.* Bwana Machela hakukata hata nukta. Alisema tu, "Mama, umekua."

*

Bwana Shaame alipoisoma, alishika kichwa. Mfereji wa Waziri hautoi maji! Ndani ya wiki mashine ya kuchimbia ikafika Bondeni, kiangazi kimekaza, vumbi mpaka mbinguni. Ikachimba kuanzia kwenye ile mifereji mitatu, ikalizunguka Jengo la Ramani kwa upole lisije likapata ufa, ikateremka hatua mia mbili mpaka mtoni. Kina chake mtu akiingia anaonekana kofia tu. Likasimamishwa bango: MRADI WA BOMBA BONDENI. MUDA WA MRADI: MIEZI MITATU. Siku ya nne mashine ikaondoka, na Bi Mashavu akasimama barazani kuiaga kwa mkono kama mtu anayesindikiza wageni.

Mabomba yalikuwa kwenye mchakato.

Masika ikaingia kwa kishindo. Siku ya kwanza mvua ilinyesha kuanzia alfajiri hata alasiri. Bi Mashavu alikuwa ameliweka tofali la sita tayari kando ya kitanda. Akakaa juu yake, akasubiri, macho kwenye kizingiti.

Maji yakaja. Wakayasikia yanavyonguruma kilimani, wakayasikia yanavyogonga Jengo la Ramani. Yakageuka. Halafu sauti yake ikabadilika, ikawa nzito, ya ndani, ya kitu kinachoanguka mahali penye kina, ikaenda, ikaenda, ikapotelea mtoni.

Kizingiti kilikuwa kikavu.

"Mashavu, mbona kimya? Umekufa?"

"Niko hapa, dada. Hayajaja."

"Hata kidogo?"

"Hata tone la kunawia."

Wakasikiliza wote wawili mvua jinsi inavyopiga bati, tena kwa mara ya kwanza katika miaka mitano wakaiona ni mvua tu.

*

Sasa ingekuwa nchi nyingine, mambo yangeishia hapo. Lakini idara ya Bwana Shaame iliajiri injinia mpya, msichana, Injinia Nyamizi, aliyetoka masomoni na alikuwa hajaizoea kazi. Alikuwa na ugonjwa wa kumaliza vitu. Alilikuta faili la Bondeni, akauliza mabomba yako wapi, akaambiwa yako kwenye mchakato. Akauliza mchakato uko wapi, akaambiwa hakuna aliyewahi kuuliza. Akautafuta mwenyewe, akaukuta stoo, umefunikwa turubai. Akapakia mabomba kwenye lori.

Alifika Bondeni Jumatatu, masika imeshika katikati. Bwana Machela akaja mbio na suti.

"Tunalaza bomba leo na kesho," alisema Injinia Nyamizi, "Jumatano tunafukia. Bibi, Ijumaa utakinga maji!"

Bi Mashavu aligeuka akaangalia ndani. Tofali la sita lilikuwa bado liko pale pale kando ya kitanda.

"Mtafukia, mwanangu? Mtaro wote?"

"Wote, bibi. Tutausawazisha, hutajua kama palichimbwa."

"Ee Mola," ilisikika sauti ya Bi Mkejina kutoka dirishani. "Tumepatikana na mchapakazi!"

Bi Mashavu hakubishana. Alimketisha mgeni, akamtilia chai, akamwekea vitumbua vya moto. Walipokuwa wanakunywa, wingu likapasuka. Maji yakateremka kutoka kilimani, yakaingia mtaroni, yakapita mbele ya baraza kwa kishindo. Injinia alisimama na kikombe mkononi, akaangalia yanakotoka, akaangalia yanakokwenda. Akaangalia alama za matope ukutani, mistari mitano, kila mmoja juu ya mwenzake. Akachungulia ndani akaona kitanda kilivyo juu ya matofali, na bibi aliye juu yake amemkodolea macho kama ndege kwenye kiota.

"Bibi," alisema polepole. "Huu si mtaro wa bomba. Huu ni mfereji."

Bwana Machela alikohoa.

"Tangu mwanzo mlikuwa mnataka mfereji," alisema Injinia Nyamizi, na uso wake ukang'aa kwa furaha ya mtu aliyeelewa. "Jamani! Mbona rahisi? Sifukii. Naandika sasa hivi makao makuu kwamba Bondeni ibadilishwe usajili, wapewe mfereji rasmi, wa..." Akatoa kalamu.

"Usiandike!"

Bi Mashavu alikuwa amemshika mkono. Yeye ambaye hajawahi kumpandishia mtu sauti alipiga ukelele mpaka vitumbua vikaruka sahanini.

"Usiandike mfereji, mwanangu, nakuomba kwa jina la mama yako. Ukiandika mfereji, watatuletea wa nne!"

Injinia Nyamizi aliziangalia zile koki tatu zilizosimama mvuani, ile ya dhahabu katikati. Akamwangalia Bi Mashavu. Kisha Bwana Machela, ambaye aliangalia viatu vyake. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, alikaa chini bila kumaliza kitu.

"Sasa niandike nini, bibi?"

"Wewe umesoma, mimi darasa la tatu. Lakini kama ningekuwa mimi..." Bi Mashavu akapangusa mikono. "Ningeuliza kama upembuzi umefanyika. Bomba kulazwa bila upembuzi, si hatari?"

"Upembuzi yakinifu," alisaidia Bwana Machela kwa sauti ndogo. "Kwa mustakabali wa mradi."

Msichana yule aliandika taratibu, kama mtu anayetia sahihi ya ndoa. *Mradi unaendelea vizuri. Mabomba yarudishwe stoo kusubiri upembuzi.* Makao makuu walifurahi mno. Bwana Shaame alisema huyu binti sasa ameiva. Mwaka haukwisha akapandishwa cheo, akapewa mradi mkubwa zaidi, nao unaendelea.

Lori lilipogeuka na mabomba yake, Bi Mashavu aliingia ndani, akawaita majirani wanne. Wakashika kitanda kila pembe, Bi Mkejina akiwa juu anatoa amri kama nahodha, wakaanza kuyachomoa matofali, la tano, la nne, la tatu.

"Basi hapo," alisema Bi Mkejina. "Mawili yaacheni."

"Ya nini, dada? Si yamekwisha?"

"Yule mtoto ana mkono wa kazi. Huenda akatamani kumaliza tena."

Mpaka leo bango bado liko, limeandikwa miezi mitatu. Watu wa Bondeni maji ya kunywa wanachota kisimani, kama walivyochota siku zote, na wakipita huinama kuzoa majani yaliyoziba mtaro, maana mradi wa Serikali lazima utunzwe. Kila mwaka jiji hutuma mtu kukagua, na kila mwaka huandika kwamba Bondeni pana mifereji mitatu, na kwamba ipo pia kazi moja ambayo haijakamilika. Hajakosea. Ile mitatu haitoi maji. Isiyokamilika ndiyo inayoyatoa.